Medali Kongwe ya Mbio za Farasi: Ifahamu Kabla ya Kuiuza au Kuiyeyusha

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Katika masanduku ya baadhi ya familia, pamoja na hati za zamani, rozari na picha zilizofifia, hukutwa vitu vidogo vya madini vyenye sura ya farasi: medali ya ushindi, beji ya mwanachama wa klabu, kifungo cha shaba, pengine kikuku cha tandiko. Aliyerithi kitu cha namna hiyo mara nyingi hakurithi maelezo yake. Swali lake la kwanza huwa ni thamani, na anayewahi kulijibu huwa ni sonara au mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye kipimo chake ni gramu.

Makala haya yanaeleza vitu hivyo ni nini, namna vilivyoweza kufika katika mkoa ambao haukuwahi kuwa nchi ya farasi, jinsi ya kuvisoma na kuvitunza, na sheria inasema nini kwa mtu anayetaka kuvikusanya, kuviuza au kuvisafirisha.

Tuanze na farasi mwenyewe. Mwezi Machi 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi na farasi wawili. Farasi hao hawakufika hata Simbamwene, mji wenye kuta uliokuwa mahali ulipo mji wa Morogoro wa leo. Walikufa wote wawili huko Kingaru, wakifuatana kwa muda mfupi. Stanley ameandika kuwa mkuu wa kijiji alimdai faini ya vitambaa kwa kumzika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Stanley akajibu kwamba yuko tayari kumfukua na kumrudisha juu ya ardhi, na mkuu akaona heri yaishe. Kisa hicho kinachekesha, lakini kinaeleza jambo ambalo watu wa njia hiyo ya misafara walilifahamu vizuri: kati ya pwani na Uluguru, mizigo ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu kwa sababu mnyama wa kupandwa hakudumu.

Sababu zake zilikuja kuthibitishwa baadaye. Mwaka 1895, David Bruce, akiwa Zululand, alibaini kuwa ugonjwa wa nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyoenezwa na mbung'o. Miaka miwili baadaye Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, akiuchunguza ugonjwa wa aina hiyo hiyo katika mifugo. Mbali na nagana upo ugonjwa mwingine, homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi wanaoumiza usiku na kustawi zaidi katika nchi za chini zenye joto na unyevu. Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, ingawa vilele vya Uluguru nyuma yake vinapita mita 2,600. Kwa mkoa ambao leo ni makao ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo wa nchi hii, historia hiyo si ya kupuuzwa.

Somo kubwa na chungu zaidi lilitolewa na Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Uingereza na washirika wake, chini ya Jenerali Jan Smuts, yalishuka kuelekea Reli ya Kati, yakiwa na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Kikosi kimoja kilizunguka kwa upande wa Mlali, magharibi mwa milima, kwa nia ya kuwakatia Wajerumani njia. Tarehe 26 Agosti mji wa Morogoro ulitekwa, lakini Paul von Lettow-Vorbeck alikwishaondoka na askari wake kupitia Uluguru kuelekea Kisaki, na mwezi uliofuata mapigano makali yakafanyika huko. Kilichowashinda wapanda farasi hao hakikuwa risasi peke yake. Kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Novemba 1916, majeshi hayo yalipoteza farasi wapatao 10,000, nyumbu wa mizigo idadi kama hiyo, ng'ombe wa kukokota wapatao 11,000 na punda wapatao 2,500.

Wanyama walipokwisha, kazi ikarudi kwa binadamu. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, na lile la Kariokor jijini Nairobi, yote mawili yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita hiyo. Kwa hiyo mkulima wa Kisaki au Mlali anayegonga kiatu cha farasi kwa jembe, au anayeokota lijamu lililoliwa na kutu, hajapata mabaki ya uwanja wa michezo. Anashika ushahidi wa vita iliyopita shambani kwake.

Basi medali za mbio zenyewe zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa tutazame kaskazini. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na hali yake ya hewa iliwafaa farasi kuliko nchi za chini. Huko ndiko ilikoanzishwa East African Turf Club mwaka 1903, katika mji uliokuwa bado mchanga, nyumba zake nyingi zikiwa za mabati. Jina hilo halipo tena. Klabu ilikuja kuitwa Jockey Club of Kenya, na mbio zikahamia uwanja wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954. Uwanja wa zamani umeacha jina lake kwenye Barabara ya Racecourse, ambayo haiko mbali na Kariokor yenyewe. Anayepita hapo leo huona magari na maduka. Kilichobaki cha farasi ni maandishi kwenye kibao cha barabara.

Tanganyika nayo ilikuwa na klabu za aina yake. Neno Gymkhana, ambalo wakazi wa Morogoro na Dar es Salaam wanalijua kama jina la klabu za michezo, lilitoka India wakati wa utawala wa Waingereza. Lilimaanisha uwanja wa michezo mbalimbali, na michezo ya farasi ilikuwamo. Medali iliyoandikwa neno hilo si lazima iwe ya farasi: inaweza kuwa ya gofu, tenisi au kriketi. Inabidi kuigeuza na kuisoma kabla ya kuipa jina.

Medali na beji hizo zilisafiri na watu. Maofisa na wenye mashamba ya mkonge walihama wakaacha makabati yao, askari wa King's African Rifles walirudi makwao, na watumishi wa nyumbani, makarani wa reli na masaisi waliowatunza farasi walipewa au waliachiwa vitu. Hapa mwandishi anaomba kutoa maoni yake. Medali ya mbio huchongwa jina la shindano, mwaka, farasi aliyeshinda na tajiri mwenye farasi. Saisi aliyeamka alfajiri kumlisha, kumsugua na kumtembeza hachongwi. Kama medali hiyo imekaa miaka 70 katika nyumba ya mjukuu wa saisi, basi nusu ya historia yake imo katika kumbukumbu za familia hiyo na haimo mahali pengine popote. Simulizi hiyo isipoandikwa, medali inabaki kuwa kipande cha fedha chenye jina la mgeni.

Ukusanyaji wa vitu vya klabu za mbio zilizotoweka ni jambo la kawaida duniani. Nchini Uingereza, viwanja kama Hurst Park, kilichofungwa mwaka 1962, na Alexandra Park jijini London, kilichofungwa mwaka 1970, vimebaki katika beji. Beji hizo ni vipande vidogo vya madini vilivyopakwa rangi ya enameli, vyenye namba ya mwanachama na mwaka, na tundu la kupitishia uzi ili zining'inizwe kwenye koti. Kila mwaka ilitolewa beji mpya, na mlinzi wa geti alitambua rangi kabla ya kusoma maandishi. Wakusanyaji huzipenda kwa sababu klabu ikishakufa hazitengenezwi tena. Kwa sababu hiyo hiyo, bandia nazo zimo sokoni.

Kusoma medali kunahitaji mwanga wa kutosha, kioo cha kukuzia na subira. Angalia mgongo na ukingo. Kazi za Uingereza zilizotengenezwa kwa fedha halisi huwa na mihuri midogo iliyopangwa mstari mmoja: simba anayetembea huonyesha fedha ya kiwango cha sehemu 925 kwa 1,000, nanga ni alama ya mji wa Birmingham, ambako medali nyingi zilitengenezwa, kichwa cha chui ni cha London, na herufi moja ya alfabeti hutaja mwaka wa ukaguzi, kwa majedwali yanayopatikana katika vitabu vya fani hiyo. Kazi za Ujerumani baada ya mwaka 1888 huwa na mwezi mwandamo na taji, pamoja na namba kama 800. Ukiona herufi EPNS, ufahamu kuwa ni madini mengine yaliyopakwa fedha juu juu tu. Sumaku nayo husaidia: fedha na shaba hazivutwi.

Mwaka uliochongwa unahitaji tahadhari, maana ndio unaowapotosha wengi. Katika maeneo ya Uluguru yenye Wakatoliki wa miaka mingi, kama Matombo na Mgeta, ni rahisi kukuta medali ndogo ya umbo la yai yenye sura ya Bikira Maria na tarakimu 1830. Huo si mwaka wa kutengenezwa kwake. Ni mwaka wa njozi iliyotokea Paris, ambayo medali hizo huikumbuka, na bado zinatengenezwa hadi leo kwa tarakimu hizo hizo. Vivyo hivyo reale ya Maria Theresa, sarafu iliyotumika sana katika biashara ya pwani yetu, ina mwaka 1780 hata ile iliyopigwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Wapo waliouziwa vitu hivyo kwa bei ya ajabu kwa sababu ya tarakimu nne tu.

Nishani za vita zina utaratibu wake. Nishani za Uingereza za Vita ya Kwanza kwa kawaida zimechongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari, kwa herufi ndogo ambazo mtu asiyejua hupita bila kuziona. Zile za Vita ya Pili walizopewa askari wetu kwa kawaida hazina jina. Kwa hiyo nishani ya Vita ya Kwanza inaweza kumrudisha mzee mmoja kutoka kusahauliwa, wakati ya pili inategemea familia yenyewe ikumbuke ilikuwa ya nani.

Katika ukoo wa mwandishi wa makala haya ilikuwamo nishani moja ya Vita ya Pili, yenye utepe uliopauka. Mwaka mmoja wa shida ilipelekwa kwa fundi iyeyushwe ipatikane fedha ya kutengenezea hereni. Fundi aliipiga nyundo, akaikata, kisha akasema si fedha, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kweli ndivyo nishani ile ilivyotengenezwa. Hereni hazikupatikana na nishani haikurudi. Kilichobaki ni utepe, na hata huo haijulikani sasa uko kwa nani.

Kuhusu utunzaji, kosa kubwa zaidi linafanywa na watu wenye nia njema, nalo ni kusugua. Majivu, mchanga, dawa ya meno, ndimu na unga wa kusafishia sufuria hung'arisha kwa siku chache, lakini hula herufi zilizochongwa na kung'oa enameli. Weusi ulio juu ya fedha kongwe si uchafu. Mkusanyaji mzoefu hutaka aukute pale ulipo. Tumia kitambaa laini kikavu kuondoa vumbi, basi. Usiifunge kwa mpira wala kuihifadhi ndani ya sufu, kwa kuwa vitu hivyo vina salfa inayoongeza weusi. Mifuko laini ya plastiki nayo hutoa mvuke unaoozesha shaba ikageuka kijani. Kitambaa safi cha pamba ndani ya boksi kavu kinatosha, na katika miezi ya masika, hasa kwa wanaoishi milimani ambako ukungu huingia hadi ndani ya nyumba, boksi likaguliwe mara kwa mara. Kama kuna kasha la asili, utepe, barua au picha, visitenganishwe na medali.

Baada ya hapo ipige picha pande zote mbili pamoja na rula, kisha andika mambo manne: ilikuwa ya nani, aliipata wapi, alifanya kazi gani, na nani amesimulia. Karatasi hiyo inaweza kuwa na uzito kuliko medali.

Tukija kwenye sheria, wengi hudhani kila kitu cha zamani ni mali ya Serikali, na hofu hiyo huwafanya wauze kwa siri na kwa hasara. Sheria ya Malikale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, inatofautisha. Masalia ya kale yanayolindwa moja kwa moja ni vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Viko pia vitu vya asili vya kijamii na kitamaduni, pamoja na vile ambavyo Waziri mwenye dhamana anaweza kuvitangaza kuwa vinalindwa. Medali ya klabu ya michezo ya mwaka 1930 iliyorithiwa kwa halali haimgeuzi mwenye nayo kuwa mhalifu. Ni mali yake.

Hali hubadilika pale mtu anapochukua jembe. Kuchimba kwa lengo la kutafuta malikale bila leseni kumekatazwa, na anayekuta masalia kwa bahati wakati wa kulima au kujenga anapaswa kutoa taarifa. Katika eneo la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru kuna pia sheria za misitu, ambazo hazimruhusu mtu kufukua ardhi kwa sababu tu amesikia kwamba Mjerumani aliacha sanduku. Makaburi ya vita, yakiwamo yaliyopo mjini Morogoro chini ya uangalizi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hayaguswi kabisa. Kuhusu kupeleka kitu nje ya nchi, malikale zinazolindwa hazitoki bila leseni, hivyo mwenye shaka aulize kwanza. Kujibu swali ofisini ni rahisi kuliko kujieleza uwanja wa ndege.

Hadithi ya sanduku la Mjerumani haina budi kuzungumzwa waziwazi. Kwa miaka mingi wananchi wametapeliwa kwa maneno ya rupia zenye nguvu, zebaki iliyofichwa na ramani za hazina. Ni kweli kwamba utawala wa Wajerumani ulitumia rupia, na kweli kwamba mwaka 1916, vita ikiendelea, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo zilipigwa Tabora. Ukweli huo mdogo ndio chambo. Mtu anayekuja kununua medali au rupia yako na kukutaka kwanza utoe pesa ya dawa, ya kipimo cha maabara au ya kumlipa mnunuzi wa nje, ni tapeli, na mahali pa kumpeleka ni kituo cha polisi. Mnunuzi halali hutoa pesa, hadai kupewa.

Mwananchi anayetaka ushauri anaweza kuanza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yake. Mambo ya malikale yanasimamiwa na Wizara ya Maliasili na Utalii, na Makumbusho ya Taifa, ambayo jengo lake la kwanza Dar es Salaam lilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1940, ndiko kwenye wataalamu wa kutambua na kuhifadhi. Kwa barua, vitabu vya klabu, orodha za wanachama na picha, ofisi inayohusika ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Anayekabidhi au kuazimisha kitu chochote kwa taasisi adai hati ya mapokezi yenye maelezo kamili, picha na sahihi, na nakala yake abaki nayo. Asiyetaka kukabidhi halazimiki. Anaweza kuruhusu kipigwe picha na simulizi yake iandikwe, kisha akirudishe nyumbani.

Wazee waliowahi kufanya kazi ya usaisi, au waliowaona waliofanya kazi hiyo, sasa ni wachache. Familia yenye medali na yenye mzee ianze na mzee. Simu ya mkononi yenye kinasa sauti inatosha, na swali la kwanza linaweza kuwa jepesi: farasi huyu aliitwa nani?